Frasila, Ratili, Kilo: Lugha ya Uzani na Mtoto Anayechagua Kipimo



Katika vitabu vya Hisabati vya shule za msingi kuna aina moja ya swali ambayo mwalimu huipitia upesi ili afike kwenye mambo anayoyaona kuwa mazito zaidi. Mwanafunzi huonyeshwa picha ya tembo, ya yai na ya mfuko wa sukari, kisha huulizwa ni kipimo kipi kinachofaa kupimia uzani wa kila kimoja: gramu, kilogramu au tani. Swali hilo huchukua nusu ukurasa. Ukurasa unaofuata huanza kazi inayohesabiwa kuwa ndiyo hisabati yenyewe, yaani kugeuza kilogramu kuwa gramu na gramu kuwa kilogramu, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa.

Nakusudia kuonyesha kwamba ile nusu ukurasa ndiyo yenye mambo mengi, na kwamba ugumu wanaoupata watoto wetu katika kuijibu ni wa lugha kabla ya kuwa wa hesabu. Hoja yangu ni hii: kwa karne nyingi mzungumzaji wa Kiswahili hakuhitaji kufundishwa kuchagua kipimo, kwa sababu lugha ilimchagulia. Jina la kipimo na jina la bidhaa viliandamana, na aliyejifunza moja alijifunza na la pili. Mfumo wa metriki uliutenganisha mwandamano huo. Tangu hapo uchaguzi wa kipimo umekuwa jambo la kufundishwa darasani, nasi bado hatujalifundisha.

Hatuna budi kuanza na maneno. Kiswahili kina maneno mawili ya karibu sana, uzito na uzani. La kwanza ni la Kibantu, limetokana na kivumishi -zito, na linahusu kwanza kile ambacho mwili hukihisi. Mzigo ni mzito kwa anayeubeba. Kwa sababu linatokana na hisia, neno hilo limeenea mbali: kuna uji mzito, usingizi mzito, ulimi mzito, jambo zito na mtu mzito wa kuelewa. Uji mzito hauna lazima ya kuwa na kilo nyingi kuliko uji mwepesi uliojaa chungu kile kile. La pili, uzani, limetokana na Kiarabu, na ni ndugu wa neno mizani. Shina lao ni moja. Uzani ni uzito uliokwisha kupitia kwenye chombo na kupewa namba. Wanafizikia wetu wameongeza la tatu, tungamo, ili watenganishe wingi wa maada na nguvu inayoivuta maada hiyo kuelekea chini. Wamefanya vyema, lakini mtoto wa darasa la tatu anaweza kusubiri.

Mgawanyo huu wa uzito na uzani unaakisi historia. Ukiyatazama majina yote ya vipimo vya uzani yaliyowahi kutumika katika lugha yetu, yaani wakia, ratili, mani, frasila, tola, karati, gramu, kilo na tani, utaona kwamba takriban yote ni ya kukopa. Ukiyatazama majina ya vipimo vya mkono, chombo na mzigo, utakuta konzi, ukufi, kibaba, tita, fungu, na mzigo wenyewe, na mengi kati ya hayo ni ya nyumbani. Mizani ilikuja na biashara ya bahari. Bara na pwani, mtu aliyekuwa akigawa nafaka kwa jirani yake alitumia kiganja na chombo. Aliyekuwa akiuza pembe kwa mgeni wa jahazi alihitaji mizani, kwa kuwa mgeni huyo alikuwa na mizani yake na maneno yake.

Maneno hayo yalikuwa yamesafiri sana kabla ya kutufikia. Mani ni mabaki ya kipimo cha kale cha Mesopotamia. Wakia ya Kiarabu inatoka katika asili ile ile iliyozaa neno la Kilatini ambalo Waingereza wamelifanya kuwa aunsi. Ratili inavutia zaidi. Wanaisimu wengi huliunganisha neno hilo, kupitia Kiaramu, na litra ya Kiyunani, iliyokuwa kipimo cha uzani. Na ni litra hiyo hiyo iliyowapa Wafaransa neno lita. Kwa hiyo mtoto anayejifunza leo kwamba lita ni kipimo cha ujazo, na ambaye bibi yake bado anataja ratili za nyama, ana maneno mawili ya ukoo mmoja, moja likiwa limebaki kwenye uzani na jingine limehamia kwenye maji. Karati nayo ilikuwa mbegu ya mti kabla ya kuwa kipimo cha vito.

Kipimo kilichotawala biashara ya Zanzibar katika karne ya 19 kilikuwa frasila. Jina lake lilienea katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi; Wareno wa karne ya 16 waliliandika farazola walipoeleza biashara ya pilipili ya Malabar. Uzani wake ulitofautiana kutoka bandari hadi bandari. Frasila ya Zanzibar ilikuwa mani 12, yaani ratili 35 au 36 kulingana na mwandishi tunayemsoma, nazo ni takriban kilo 16. Chini ya frasila kulikuwa na mani, karibu ratili tatu. Chini ya mani, ratili. Chini ya ratili, wakia 16. Wakia ilikuwa na ushahidi ambao kila mtu aliweza kuushika mkononi: ilikuwa uzani wa riali ya fedha. Riali ya Maria Theresa, ambayo iliendelea kugongwa kwa tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki, ina gramu 28 na kidogo. Aliyetilia shaka wakia ya mfanyabiashara aliweza kuweka riali yake upande wa pili wa mizani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vipimo hivi havikuwa ngazi tupu ya namba ambayo mtu huipanda na kuishuka apendavyo. Kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Pembe za ndovu, sandarusi na karafuu zilikwenda kwa frasila. Dhahabu ya sonara ilikwenda kwa tola, kipimo cha Kihindi cha gramu 11 na zaidi kidogo. Nafaka haikupimwa kwa mizani kabisa, bali kwa kibaba na pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Mzigo wa mpagazi wa misafara ulikuwa ratili 60 hadi 70 hivi, kiasi cha frasila mbili, hata ingawa hakuna aliyeufafanua hivyo kwa mujibu wa sheria. Bega la mtu ndilo lililoamua. Mtu aliyesema "tola tano za mchele" hangekuwa amekosea hesabu. Angekuwa amekosea lugha, kama anayesema "kundi la maji".

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa karafuu. Mchumaji wa Unguja au Pemba hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi alizozichuma. Karafuu hizo zikishakauka, ziliuzwa kwa frasila. Zao ni lile lile, mikono ni tofauti, na kipimo kinabadilika panapobadilika kazi. Karafuu mbichi ina maji mengi, na uzani wake wa asubuhi si uzani wake baada ya siku kadhaa za jua. Kumlipa mchumaji kwa chombo ni kumlipa kwa kazi ya mkono wake. Kumlipa mwenye shamba kwa mizani ni kumlipa kwa kile kitakachofika sokoni. Sidai kwamba mfumo huo ulikuwa wa haki kwa mchumaji. Nadai kwamba ulikuwa na mantiki, na kwamba mtoto aliyekulia shambani aliijua mantiki hiyo bila kukaa darasani, kwa kuwa ilikuwa ndani ya maneno "pishi" na "frasila" yenyewe.

Pishi ina historia nyingine isiyopaswa kupitwa. Katika mafunzo ya dini ya Kiislamu ya pwani, kipimo cha zakatul-fitri kilielezwa kwa pishi, kikilinganishwa na swaa ya Kiarabu ambayo nayo ina sehemu nne. Siku hizi waumini wengi huambiwa watoe takriban kilo mbili na nusu. Kipimo cha ujazo kimegeuzwa kuwa cha uzani, na mara kinapogeuzwa swali huzuka: kilo mbili na nusu za nini? Pishi ya mchele na pishi ya tende hazilingani kwenye mizani. Masheikh wamelizungumza jambo hilo kwa makini kuliko baadhi ya waandishi wa vitabu vya Hisabati.

Sasa tuje kwenye karne ya 20, ambayo kwa Tanganyika ilikuwa ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Wengi hudhani kwamba kilo ililetwa na uhuru. Ukweli ni kwamba kilo ilifika mapema zaidi. Wajerumani walikuwa wakitumia mfumo wa metriki nchini mwao tangu 1872, na utawala wao huku ulihesabu mazao yaliyosafirishwa kwa kilo na tani. Mwaka 1904 waliigawanya rupia kwa heller 100 badala ya pesa 64, jambo lililofuata fikra hiyo hiyo ya kuhesabu kwa makumi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walirudisha ratili, lakini ratili hii ilikuwa ya Kiingereza. Jina lilikuwa la zamani na kilichomo kilikuwa kipya. Tangu 1921 mtoto wa shule alihesabu fedha yake kwa senti 100 katika shilingi, kisha akageuka kuhesabu wakia 16 katika ratili na ratili 2,240 katika tani. Upande wa Kongo, Wabelgiji walikuwa na metriki tangu mwanzo, hivyo mwanafunzi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hakukutana na karaha hiyo.

Kenya, Uganda na Tanzania ziliuingia mfumo wa metriki kwa uamuzi wao wenyewe kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa Tanzania hiki kilikuwa pia kipindi ambacho Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi nchini kote, mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili likaundwa mwaka huo huo. Mabadiliko mawili makubwa yalikutana katika kitabu kimoja cha mtoto. Ilibidi vitabu vya hesabu viandikwe upya kwa lugha na kwa vipimo kwa pamoja. Tunawadai shukrani waliofanya kazi hiyo kwa haraka iliyohitajika. Lakini haraka ina alama zake, na alama mojawapo ni kwamba msamiati wa metriki ulichukuliwa wote kwa mkupuo, kama ngazi iliyokamilika: kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu, miligramu.

Wafaransa walioibuni ngazi hiyo walikuwa na sababu zao. Sheria yao ya tarehe 7 Aprili 1795 iliifanya gramu kuwa uzani wa sentimita moja ya ujazo ya maji, na kila kizio kingine kikapatikana kwa kuzidisha au kugawanya kwa kumi. Walitaka kipimo kisichofungwa na bidhaa wala mji wala mfalme. Ubora wake ndio huo. Kilo haijui karafuu wala dhahabu, na tangu tarehe 20 Mei 2019 haitegemei hata kipande cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris, bali namba ya kudumu ya fizikia. Hata hivyo, kilichokuwa ubora kwa mwanasayansi ni mzigo kwa mtoto. Neno "frasila" lilimwambia afikirie kitu gani. Neno "hektogramu" halimwambii kitu, na hatalikuta dukani, wala hospitalini, wala shambani kwao.

(Nilitumia neno "kizio" hivi punde, na wanafunzi wa isimu watapenda kujua kwamba kabla wanaistilahi hawajalichukua, lilikuwa jina la nusu ya nazi iliyopasuliwa. Mpishi wa pwani alikuwa na kizio chake muda mrefu kabla ya Paris.)

Inafaa tuangalie lugha ya watu ilivyoipokea ngazi hiyo. Kati ya vidato saba, imechagua kimoja na kukifanya mfalme. Neno "kilo" katika Kiyunani lilimaanisha elfu tu, na katika metriki ni kiambishi cha mwanzo kinachoweza kutangulia kizio chochote. Kiswahili kililikata na kulifanya nomino kamili yenye maana ya uzani peke yake. Hakuna anayesema kwamba Bagamoyo iko kilo sitini na kitu kutoka Dar es Salaam. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayesikia "kilo" na "kilomita" hasikii undugu wowote kati yake, na mwalimu asipomwonyesha kwamba zote mbili zina elfu ndani yake, atakariri kila moja peke yake. Neno hilo limekwenda mbali zaidi: tunasema mtu amepungua kilo, mama amempeleka mtoto kupima kilo. Hapo kilo si kizio tena, ni jina la uzito wa mwili wenyewe. Vivyo hivyo "robo" na "nusu" zimekuwa vipimo dukani. Mtoto anayetumwa akanunue robo ya sukari hajui kwamba ameagizwa gramu 250, na muuzaji hajali.

Tani nayo imepata makao: lori la tani saba, lori la tani kumi. Gramu imehamia kwa sonara na kwenye maandishi ya pakiti. Miligramu imehamia kwenye dawa. Naomba tulione jambo hili jinsi lilivyo. Wazungumzaji, bila kamati, wamefanya tena kile ambacho wahenga wao walifanya kwa tola na frasila. Wamekipa kila kizio bidhaa zake. Hata vito vinafuata kanuni hiyo. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Malkia Elizabeth wa Pili alizawadiwa kabla hajatawazwa, hutajwa daima kuwa ya karati 54.5, sijamsikia mtu akisema gramu 10.9, ingawa ni kitu kile kile. Lakini jiwe kubwa la tanzanaiti lilipopatikana Mirerani mwaka 2020, lenye zaidi ya kilo tisa, lilitangazwa kwa kilo, kwa kuwa karati zingetoa namba ambayo msikilizaji asingeweza kuishika akilini.

Mfano huo wa mwisho unatupa kanuni ambayo vitabu vyetu havijaitamka wazi. Kipimo kinachofaa ni kile kinachotoa namba inayoshikika, kwa usahihi unaohitajika na shughuli husika, katika desturi ya wale wanaozungumza. Kwa hiyo jibu linaweza kubadilika ingawa kitu hakijabadilika. Mtoto mchanga ana kilo tatu kwa shangazi yake anayepeleka habari nyumbani. Kwa mkunga anayemwandikisha, ana gramu 3,050, kwa sababu mkunga anautazama mpaka wa gramu 2,500, ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Shangazi na mkunga wote wamechagua vyema. Swali la kitabu linalodai jibu moja kwa kila picha halimpi mwanafunzi nafasi ya kuliona hilo.

Tena maswali hayo yana kasoro nyingine. Katika mengi niliyoyaona, kitu kikubwa ndicho kizito na kitu kidogo ndicho chepesi. Tembo ni tani, yai ni gramu. Mtoto hupata alama zote kwa kutazama ukubwa wa picha bila kufikiri juu ya uzani hata kidogo. Mwekee godoro la sponji kando ya betri ya gari, au gunia la pamba kando ya debe la misumari, ndipo utajua anachokijua. Na ukichanganya kasoro hiyo na upana wa neno -zito niliouzungumzia mwanzoni, utaelewa kwa nini mtoto aliyeulizwa kama uji mzito una uzani mkubwa kuliko maji hujibu kwa haraka, na kwa lugha yake jibu lake lina maana.

Yawezekana mtu akaniambia kwamba haya ni mambo madogo ya darasa la tatu. Tuyatazame basi yanapofika kwa mtu mzima. Mkulima wa viazi au vitunguu anayeuza kwa gunia anatumia jina la chombo kana kwamba ni jina la uzani. Gunia lina mdomo, na juu ya mdomo mnunuzi anaweza kushona wavu na kuongeza kilemba. Ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania ya mwaka 1982 inataka biashara ifuate vipimo vilivyohakikiwa, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Kenya nayo iliweka mwaka 2019 kikomo cha kilo 50 kwa mfuko wa viazi. Bado lumbesa inaendelea kusikika. Sababu za kiuchumi zipo, na kubwa ni kwamba mkulima huuza akiwa na shida. Lakini iko na sababu ya lugha: pande mbili zinapatana bei kwa neno lisilo na kilo ndani yake. Hata lisipojazwa kilemba, gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, urithi wa ratili 200 za Kiingereza zilizopunguzwa kidogo ili zilingane na metriki, ilhali nchini Tanzania aghalabu huhesabiwa kuwa kilo 100. Mtu anayevuka Namanga na bei ya gunia kichwani amebeba tofauti ya kilo kumi bila kujua. Huyo alifundishwa shuleni kugeuza dekagramu kuwa sentigramu, na pengine aliifaulu hesabu hiyo. Hakufundishwa kuuliza: gunia hili ni kipimo cha nini?

Na kwenye dawa hatari ni kubwa zaidi. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500, yaani nusu gramu. Mtu ambaye gramu na miligramu kwake ni vidato viwili vya ngazi iliyokaririwa, visivyo na kitu chochote mkononi, hatashtuka akisoma gramu 500 mahali palipopaswa kuandikwa miligramu. Aliyewahi kushika nusu kilo ya sukari atashtuka.

Ninayoyapendekeza si ya gharama. Hektogramu na dekagramu zisubiri darasa la juu, au ziachwe kabisa. Kilo, gramu na tani zitangulie, na miligramu zifuate kwa mlango wa dawa. Kila kizio kiingie darasani kikiwa kimeshika kitu. Punje tatu au nne za mahindi makavu ni gramu moja hivi. Yai ni gramu 50 au 60. Lita ya maji ni kilo moja, na mfuko wa saruji ni kilo 50, uzani ambao watoto wa mafundi wanaujua mabegani mwa baba zao. Mifuko ishirini ya saruji ni tani moja, na mtoto anaweza kuihesabu ikishushwa. Tembo dume aweza kufikia tani sita, yaani mifuko 120. Mwalimu asiyekuwa na mizani ya dukani anaweza kuning'iniza kijiti kwa uzi katikati, mifuko miwili ya plastiki ncha mbili, na punje upande mmoja. Mtoto atajifunza kwa dakika kumi kwa nini sonara hatumii kilo. Kisha aulizwe maswali yenye majibu mawili, na atakiwe kueleza, kwa sentensi kamili za Kiswahili, ni nani anayepima na kwa ajili gani.

Liko na la kwetu sisi watunga kamusi. Johnson mwaka 1939 aliifafanua frasila kwa ratili za Kiingereza, na kwa wasomaji wa wakati wake alikuwa sahihi. Kamusi za leo zikiendelea kuifafanua frasila kwa ratili, mwanafunzi hufungua ukurasa wa ratili na kukuta gramu, na akifika kwenye gramu hukuta kwamba ni sehemu ya elfu ya kilo. Amezunguka kamusi nzima bila kukutana na kitu hata kimoja. Chini ya frasila iandikwe kilo 16 hivi, na iandikwe karafuu na pembe. Chini ya pishi iandikwe vibaba vinne, na iandikwe kuwa si uzani. Chini ya gunia itajwe kilo 90 ya upande mmoja na kilo 100 ya upande wa pili. Chini ya gramu ziandikwe zile punje za mahindi, na chini ya miligramu kidonge.